Siku Niliyotia Pombe ya Moshi Kwenye Breki

Vijana wangu mnaoshika spana, kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kumsalimia mwenye gari kabla sijakanyaga pedali yake. Watu waliniona sina adabu. Mtu anashuka, ananyoosha mkono, mimi nimeshaingia ndani, mguu wa kulia uko kwenye breki na nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Pedali ikisimama palepale, nashuka na kumpa shikamoo yake. Ikizama hata kwa upana wa kidole, namwambia asiliguse gari hilo, ndipo namsalimia. Mnunuzi mmoja wa pamba alikwenda kunishtaki kwa tajiri wangu kwamba namdharau. Tajiri akamjibu kwa Kiswahili chake, "Huyu hapana dharau wewe. Huyu naogopa tu."

Alisema kweli. Niliogopa kila siku niliyokwenda kazini, na woga huo haukustaafu pamoja nami.

Magari tuliyokuwa tukiyatengeneza miaka ile leo yamekuwa mapambo. Watu wanayang'arisha na kuyapanga kwenye sherehe, nanyi mnaletewa yaliyooza mabandani mkiambiwa myafufue. Nimewaona mkianza na injini, kisha rangi, kisha viti. Breki mnaziacha mpaka siku ya mwisho, kana kwamba ni taa. Naomba mgeuze utaratibu huo. Gari lisilowaka halijawahi kumuua mtu.

Magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili mengi yalikuwa na breki za fito. Hizo ni vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye pedali kwenda kila gurudumu. Ukikanyaga, vinavuta, na shuu za breki zinatanuka ndani ya dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu. Kuzisawazisha ni kazi ya uvumilivu. Unalipandisha gari lote juu ya magogo manne, mwenzako anakaa ndani akikanyaga pedali nusu, nawe unazungusha kila gurudumu kwa mkono. Yote manne yakikataa kwa nguvu ileile, umemaliza. Moja likiwahi kukataa, gari litavuta upande huo na dereva ataingia porini huku amekanyaga breki vizuri kabisa. Nilifundishwa kutumia mkono uleule kwa magurudumu yote manne, kwa sababu mkono wa kulia na wa kushoto haisemi sawa.

Wakati wa vita lainingi, kile kitambaa kigumu kinachogandamiza dramu, hazikupatikana kabisa. Tuliokota mikanda chakavu ya mashine za jineri ya kuchambulia pamba, ile minene iliyofumwa kwa pamba, tukaikata kwa kisu cha mchinjaji na kuipigilia kwenye shuu kwa vipande vya waya wa shaba. Ikiwa baridi ilishika vizuri mno. Ikipata moto ilinuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi, na moto ukizidi ilifuka moshi. Katekista mmoja aliyepewa lifti aliona moshi ukitoka gurudumuni, akaruka gari likiwa linakwenda. Tulimkuta amekaa ndani ya zizi la ng'ombe, mzima, ameshika rozari mkono mmoja na kiatu mkono mwingine. Dereva alimwita apande tena. Alisema anapendelea kutembea, na kwamba kutembea ndiko kulikotumiwa na mitume.

Tajiri wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa Singasinga mmoja aliyeitwa Fundi Balwant. Gereji yake ilikuwa Shinyanga, nyuma ya stesheni ya reli, banda la mabati lenye shimo moja la kuingilia chini ya magari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno machache, na hakuamini breki iliyotengenezwa na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Kila alipomaliza gari aligonga gogo la mlangoni kuniita, akaniambia, "Masanja, sasa sisi mbili nakaa ndani." Tulikaa wote wawili, akaendesha, akasimama ghafla mara tatu. Kisha akasema, "Kama sisi hapana kufa, mteja hapana kufa."

Tatizo la jaribio hilo ni nchi yenyewe. Shinyanga ni tambarare. Ukitoka gerejini mpaka Ibadakuli hukutani na kilima cha kuchosha hata baiskeli. Breki iliyojaribiwa pale ilikuwa imejaribiwa nusu, na sisi hatukulijua hilo mpaka siku ninayotaka kuwasimulia.

Baada ya vita yalianza kutufikia magari mengi yenye breki za mafuta. Hapo hakuna fito. Pedali inasukuma mafuta kwenye bomba jembamba, na mafuta yanasukuma shuu. Nguvu inakwenda sawa kwenye magurudumu yote, hakuna kusawazisha, hakuna magogo. Tulizipenda. Lakini mafuta yake yalikuja kwa makopo kutoka pwani, na mara nyingi kopo lilichelewa kuliko mvua. Ukitia mafuta ya injini badala yake, raba zilizomo ndani ya silinda zinavimba kama maharage yaliyolowekwa. Niliwahi kufungua gari la mfanyabiashara mmoja aliyejitilia mwenyewe mafuta ya taa. Raba zilitoka vipandevipande, kama ugali uliokaa siku tatu.

Kwa hiyo Fundi Balwant alichanganya ya kwake: mafuta ya nyonyo yaliyochujwa mara nyingi, na spiriti kali aliyopewa na daktari mmoja wa misheni. Alikuwa na masharti mawili, na alinifanya niyaseme kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Sharti la kwanza: mimina spiriti kwenye kijiko, uwashe. Ikiungua mpaka kijiko kikakauka, ni safi. Yakibaki maji, mwaga. Sharti la pili: changanya kwenye chupa nyeupe, ining'inize kwenye msumari ukutani, lala, amka, tazama. Mchanganyiko ukiwa mwangavu kama asali mbichi, tumia. Ukiwa na ukungu, mwaga. Ukikuta nyonyo imekaa peke yake na kingine kimekaa peke yake, mwaga mbali na nyumba. Maana kilichojitenga, gurudumu likipata moto, kinachemka peke yake ndani ya bomba na kugeuka mvuke. Mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga pedali na mguu unakwenda mpaka sakafuni kama unakanyaga mto wa kulalia.

Sasa sikieni.

Mwaka mmoja, muda si mrefu baada ya vita, Fundi Balwant alikwenda Tabora kufuata vipuri, akaniachia gereji wiki nzima. Nilikuwa na umri kama wenu na nilijiona nimeiva. Spiriti ya daktari ilikuwa imekwisha. Mwenzangu Mashaka, fundi wetu wa bati na kulehemu, mtu wa vichekesho kutwa, akaniambia, "Unahangaika nini? Kuna mama anapika moshi huko pembeni mwa mji, ukiwasha kiberiti karibu na mlango wake unaunguza nyusi."

Pombe ya moshi ilikuwa marufuku, mnalijua hilo. Nilikwenda Jumatatu, nikamwomba yule mama anipikie mara tatu, akanishangaa akidhani nimekuwa mlevi wa kupindukia. Niliiweka gerejini ndani ya chupa ya kahawia, nikamimina kidogo kwenye kijiko, nikawasha. Kiliungua kwa rangi ya buluu mpaka kikakauka. Nilifurahi sana. Nilijiona nimegundua kitu.

Alhamisi mchana likaja boksibodi la buluu, lile gari dogo lenye bodi ya mbao nyuma, la mfanyabiashara mmoja wa upande wa Geita. Dereva wake alikuwa Athumani, Mnyamwezi, mtu wa swala tano, rafiki yangu. Silinda moja ya gurudumu ilikuwa inavuja na mafuta yote ya breki yamekwisha. Alitaka kuondoka alfajiri, kwa sababu alikuwa na chumvi, sabuni na mafuta ya kula vya kupeleka mgodini. Na alikuwa na abiria mmoja: dada yangu.

Dada yangu tulimwita Mama Kulwa, kwa kuwa alizaa mapacha, Kulwa na Doto. Walikuwa na miezi minane. Mumewe alikuwa mchimbaji mgodini huko Geita, na alikuwa hajawaona watoto wake hata mara moja. Ndiyo kwanza alikuwa amepata chumba, akatuma neno kwamba mkewe aende. Dada alikuja gerejini jioni ile kutazama gari atakalopanda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hili ndilo?"

"Ndilo."

"Limepona?"

"Nalimalizia."

Nilibadilisha raba za silinda, nikachanganya nyonyo na moshi kwenye chupa nyeupe, nikaitikisa. Ilikuwa na ukungu kidogo. Nilijiambia ni mapovu ya kutikisa. Hapakuwa na muda wa kulala na kuamka, gari lilikuwa linaondoka alfajiri. Nikaimimina, nikatoa upepo kwenye magurudumu yote manne kama inavyotakiwa, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mimi na Athumani tukakaa ndani, tukaenda mpaka stesheni na kurudi, tukasimama ghafla mara tatu. "Mashallah," akasema Athumani. Chupa ilibaki na mchanganyiko robo. Nikaining'iniza kwenye msumari kwa mazoea tu.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi waliondoka. Dada alimfunga Kulwa mgongoni na kumpakata Doto. Nilimpungia mkono.

Saa tatu, nikitafuta bisibisi, nikainua macho ukutani. Ndani ya chupa mlikuwa na vitu viwili vilivyoachana kabisa, na mstari katikati yake umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Sikuweza kuondoa macho pale.

"Mashaka," nikaita, "umeigusa chupa ya kahawia?"

"Ipi?"

"Ya moshi."

Akacheka. "Kidogo tu, bwana. Juzi koo lilikuwa linaniwasha na ule moshi wa kulehemu. Lakini mimi si mwizi. Nilirudishia maji palepale nilipoikuta. Hukuona imejaa?"

Nilimwonyesha chupa ya ukutani. Alikuwa amenisikia mara nyingi nikisema masharti ya Fundi Balwant, na hakuhitaji kuelezwa. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, akakaa chini kwenye vumbi la chuma.

"Mama Kulwa yumo?"

"Yumo."

"Na watoto?"

"Wote wawili."

Nilipanga mambo kichwani haraka. Barabara mpaka kivukoni ni tambarare, ukiacha mteremko mfupi wa kushukia ziwani, breki hazitapata moto sana. Lakini ng'ambo ya ziwa, kabla ya mgodi, kuna vilima, na kimoja kina mteremko mrefu wa kona tatu ambao madereva waliuita Kaza Roho. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo. Ningeweza kwenda posta kupeleka simu ya maandishi, lakini ingefika mgodini, na mgodi uko chini ya mteremko. Wangesomewa habari hiyo wakati wanakwenda kuokota watu.

Gari lililokuwa zima gerejini lilikuwa moja: gari kuukuu la wazi la karani wa jineri, lenye breki za fito na lainingi za ule mkanda wa pamba. Alikuwa aje kulichukua Jumamosi. Kulichukua bila ruhusa ni polisi. Na kuna jambo jingine ambalo naona aibu kuwaambia mafundi: sikuwahi kuendesha gari kupita stesheni. Nilijua kulisimamisha. Kuliendesha yalikuwa mengine.

"Nakuja nawe," Mashaka akasema.

"Utanisaidia nini?"

"Nitaogopa pamoja nawe."

Siwezi kuwaeleza vizuri safari ile kwa sababu sikuiona. Niliangalia kila kona nikitafuta rangi ya buluu. Mahali fulani tai walikuwa wanazunguka kando ya barabara. Nikapunguza mwendo. Ulikuwa mzoga wa ng'ombe. Mashaka alishuka akatapika, akapanda, tukaendelea. Matuta ya barabara yalitutupa huku na huko, na kila nilipokanyaga breki nilisikia fito zikilia chini yangu, kavu, za chuma kitupu. Sauti hiyo ndiyo pekee iliyonipa nguvu siku ile.

Kivukoni tulifika mchana, pantoni inarudi tupu kutoka ng'ambo. Mzee aliyekuwa akipanga magari alikuwa amekaa juu ya pipa.

"Mwadila," nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mbona mnahema kama mmekuja kwa miguu?"

"Boksibodi la buluu limepita?"

"Lile?" Akapiga makofi. "Lilitaka kuingia ziwani lile! Lilikuwa linafuata mikokoteni ya ng'ombe mteremko wote, linashika breki, linaachia, linashika. Mara likaja hapa kama ng'ombe aliyeona maji. Dereva akavuta breki ya mkono, likasimama hatua tatu na ziwa. Watu tukakimbia. Halafu akakaa kidogo, akajaribu tena ile ya mguu, akasema mbona imekuwa ngumu, mbona nzima. Nikamwambia ziwa hili lina wenyewe."

"Na mama mwenye mapacha?"

"Alikuwa ananyonyesha. Aliuliza tu mbona tunapiga kelele."

Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Breki iliyokufa kabisa ina huruma, maana mtu hataiendesha. Hii ilikuwa ya namna nyingine. Ikipata moto inatoroka, ikipoa inarudi na kujifanya haijawahi kuondoka. Athumani alikuwa ameidhania shetani, na shetani mtu anamwombea dua na kuendelea na safari.

Kilichotuokoa ni kwamba ilikuwa Ijumaa. Ng'ambo ya maji kulikuwa na msikiti mdogo wa udongo, na Athumani alikuwa amesimama kuswali. Tuliambiwa ameondoka punde tu. Nilikanyaga mafuta mpaka Mashaka akaanza kusali kwa Kisukuma, Kiswahili na kitu nilichodhani ni Kilatini.

Tuliwakuta juu kabisa ya Kaza Roho.

Kulikuwa na desturi pale. Abiria wote walishuka kileleni na kuteremka kwa miguu, dereva akalishusha gari peke yake, wakakutana chini. Hata matajiri walishuka. Lakini siku ile watoto walikuwa wamelala, jua lilikuwa kali, na dada alikuwa amekataa. Injini ilikuwa inanguruma. Athumani alikuwa ameshatoa breki ya mkono, na nyuma ya bodi nikamwona dada amewafunika watoto kanga usoni. Gari likaanza kujongea.

Honi ya gari la karani haikuwa inafanya kazi. Mashaka aliruka kabla sijasimama, akakimbia akiwa na gogo letu la kuzuilia magurudumu, akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwa binadamu. Akalisukumiza gogo mbele ya tairi la mbele. Gari likaligonga, likasimama, likazimika.

"Una wazimu?" Athumani akafoka. "Mashaka! Masanja! Mmetoka wapi?"

"Usishuke na gari hili," nikasema. "Breki hazifai."

"Hazifai vipi? Kanyaga mwenyewe!" Akakanyaga. "Jiwe! Tazama, jiwe!"

"Zimepoa tu. Kona ya pili zitaondoka."

"Kwa nini ziondoke?"

Vijana, hapo ningeweza kusema silinda imepasuka, au raba ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni, na hakuna mtu pale angeweza kunipinga. Lakini niliona kwamba nikidanganya, Athumani angejibu kwamba atashuka polepole.

"Nimetia pombe ya moshi," nikasema. "Na ina maji."

Athumani alinitazama, akatazama pedali, akaondoa mguu juu yake kama amekanyaga kinyesi. "Pombe? Nimetoka msikitini na pombe?"

"Maji nimetia mimi," Mashaka akasema. "Niliinywa."

"Astaghfirullah. Bora umeinywa. Ungeimaliza!"

Dada alishuka, akamfunga Kulwa mgongoni, akamshika Doto kifuani, akakaza kanga, akatundika kikapu chake cha vyombo begani. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Masanja, jana nilikuuliza kama limepona."

"Uliniuliza, dada."

Akaanza kuteremka kwa miguu.

Athumani hakukubali kuliacha gari kileleni. Asubuhi angekuta mzigo hakuna, na tajiri wake angesema ameuuza. Lakini na mimi sikukubali alishushe peke yake. Tukafanya hivi: tulifunga mnyororo nyuma ya boksibodi lake, tukauunganisha na mbele ya gari la karani. Yeye atangulie kwa gia ya kwanza, asiguse breki ya mguu kabisa. Mimi nifuate nyuma nikimzuia kwa breki za fito. Fito hazina cha kuchemka.

Likumbukeni hili kama siku moja mtakuwa mteremkoni na gari kuukuu: usiweke mguu juu ya pedali muda wote. Kanyaga kwa nguvu, hesabu tatu, achia, hesabu tatu. Unapoachia ndipo dramu inapumua. Nilihesabu kwa sauti, Mashaka akahesabu nami, mikono yake miwili imeshika breki ya mkono.

Kona ya kwanza tuliipita vizuri. Kona ya pili mnyororo ulilegea, kisha ukakaza ghafla, gari letu likavutwa mbele na kichwa cha Mashaka kikagonga kioo. Nikanusa pamba inaungua. Niliona moshi unapanda kulia kwangu, kisha kushoto. Upande wa korongo niliona vilele vya miti, chini yangu. Nilikuwa nimekanyaga kwa miguu yote miwili, nimenyanyuka kitini kabisa, na bado gari la Athumani lilikuwa linatuvuta. Nilitaka sana kuachia ili moto upungue, na niliogopa sana kuachia.

"Tatu!" Mashaka akapiga kelele. "Achia!"

"Siwezi!"

"Achia, Masanja, zinakufa!"

Nikaachia. Tulikimbia. Moja. Mbili. Damu ilikuwa inamtoka Mashaka kwenye paji la uso, akihesabu. Tatu. Nikakanyaga, na mkanda ule wa jineri, uliokuwa umebaki labda unene wa kucha, ukashika.

Tulitokea chini kwenye tambarare, gari letu likafuka moshi kama tanuru la mkaa. Athumani alishuka, akakaa barabarani. Mashaka alicheka, kisha akalia, kisha akaomba maji. Mimi nilibaki ndani kwa sababu miguu ilikataa kutoka kwenye pedali.

Dada alifika muda mrefu baadaye, vumbi mpaka magotini, watoto wameamka. Kutoka pale mpaka nyumba za wachimbaji zilikuwa zimebaki maili nne za njia iliyonyooka, isiyo na kilima hata kimoja.

"Panda, Mama Kulwa," Athumani akamwambia. "Kubaya kumekwisha. Huku nakwenda kwa gia tu, hata mtoto anatupita."

"Nenda salama, baba," akajibu, akatupita.

Tulimwita. Hakugeuka. Basi tukawasha magari, tukamfuata nyuma kwa mwendo wa mguu, boksibodi la buluu na gari la karani, kama msafara wa harusi usio na ngoma. Wachimbaji waliokuwa wakitoka zamu walisimama kutazama mwanamke anatembea na magari mawili matupu yanamfuata. Mmoja akauliza, "Mama, hao ni askari wako?"

Nilimwachia Mashaka usukani, nikashuka, nikamkimbilia.

"Dada, nipe Doto nimbebe. Umechoka."

Alisimama. Alinitazama mikono. Ilikuwa myeusi kwa grisi, na ilinuka nyonyo na moshi.

"Nawa kwanza," akasema.

Nilirudi garini nikachukua debe la maji ya rejeta, nikanawa mpaka viwikoni, nikajifuta kwa shati. Alisubiri mpaka nikamaliza. Akaikagua mikono yangu, kiganja na mgongo wa mkono, kama anavyokagua ya mtoto kabla ya kula.

Kisha akashusha kikapu cha vyombo kutoka begani, akanipa hicho. Watoto akaendelea nao mwenyewe.